Godoro la Picha

Wako watu wanaoisimulia hadithi hii wakianzia kwenye harufu, na wako wanaoanzia kwenye kiti. Hao waliisikia dirishani. Hadithi yenyewe inaanzia kwenye bonde.

Godoro lilikuwa jipya, nene la kumzamisha mtu, bado limo ndani ya nailoni yake, na utepe mwekundu umefungwa katikati. Siku zote lilisimamishwa kwenye ukuta wa stoo ya nyuma. Asubuhi moja dereva alikwenda kulitoa, akalikuta limelala sakafuni, na juu yake pana bonde: mahali pa kichwa, mahali pa bega, mahali pa nyonga, kama la mtu aliyelala ubavu hadi kumekucha. Nailoni haikuwa imechanika. Utepe haukuwa umelegea.

Dereva akamwita mpishi.

"Dada, nani kalala humu?"

"Mimi nina kitanda changu."

"Basi ni paka."

Mpishi akainama, akaangalia vizuri. "Paka gani ana nyonga?"

Wakatazamana. Kisha wakalipigapiga godoro mpaka likajaa, wakalitia kwenye pikapu, maana mama mwenye nyumba alikuwa keshapaka rangi ya mdomo, na akishapaka rangi ya mdomo hasubiri mtu.

Mama huyo alikuwa mke wa Mwenye Magodoro, yule mwenye kiwanda. Watu walimwita Mama Mkono Wazi. Jina hilo hakupewa na mtu. Alilichapisha mwenyewe kwenye fulana, akazigawa, watu wakazivaa, likashika. Kazi yake ilikuwa kusaidia wahitaji, na alikuwa na utaratibu wake. Pikapu inafika kwenye makao ya wazee au ya yatima. Godoro nene linateremshwa. Mhitaji anashikishwa upande mmoja, Mama anashika upande wa pili, anatamka maneno yake, mpigapicha anapiga, watu wanapiga makofi. Halafu godoro linarudi kwenye pikapu, na mhitaji anaachiwa kigodoro cha vipande vya sponji vilivyofagiwa chini ya mashine, chembamba kiasi kwamba ukikilalia mbavu zinasalimiana na chaga. Godoro lile lile lilikuwa limeshatolewa sadaka mji mzima, na hapana binadamu aliyewahi kulilalia. Nyumbani waliliita godoro la picha.

Usimlaumu peke yake. Alikuwa na wifi.

Wifi alikuwa dada wa mume wake, naye ameolewa na mtu mwenye maduka ya miwani. Yeye aligawa miwani kwa wazee bila kumpima mtu macho. Akishapita mahali, wazee hugongana milangoni mpaka wachoke. Lakini picha zake zilitoka nzuri mno, kwa sababu mzee aliyevalishwa miwani isiyo yake hutoka machozi, na machozi kwenye picha yanapendwa kuliko magodoro. Mama akiziona kwenye simu anazikuza mpaka aone chozi lenyewe.

"Huyu analia nini?" alimuuliza mpigapicha. "Wangu mbona hawalii?"

"Godoro halilizi, Mama."

"Lilize."

Na wakati huo wivu ulikuwa umepata mahali pa kukaa. Mlezi wa Umoja wa Akina Mama Wenye Huruma alikuwa anahama, na kiti chake kinabaki wazi. Kiti kweli, cha mbao ya kuchonga na mto wa mahameli. Ukikikalia wewe ndiye unayesalimiwa kwanza na kupigwa picha katikati. Siku ya sherehe ya kugawa misaada, akina mama wangechagua mmoja kati ya Mama na Wifi. Mama alikitaka mpaka anakiota. Na ungemuuliza unakitakia nini, asingekuambia heshima wala kazi. Angekuambia: Wifi asikipate.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla ya bonde. Walikuwa kwenye makao ya wazee, mvua inanyesha, mpigapicha analalamikia mwanga. Wazee wamejipanga chini ya ukumbi wa bati unaovuja, wamelowa wote. Mwisho kabisa wa mstari alisimama bibi mmoja ambaye msimamizi wa makao hakumtambua, akadhani amekuja na pikapu, na watu wa pikapu wakadhani ni wa makao. Bibi huyo alikuwa mkavu. Nguo kavu, nywele nyeupe kavu, na alipokaribiwa alinuka utambi uliozimwa sasa hivi.

"Huyu," alisema mpigapicha. "Mwanga umemkubali huyu."

Wakamshikisha godoro. Mama akatoa tabasamu lake, akatamka kama anavyotamka siku zote:

"Kilicho changu ni chako, mama yangu. Nyumba yangu ni nyumba yako."

Wengine wote hufundishwa kusema asante. Bibi alisema, "Nimepokea."

"Samahani Mama, umefumba jicho," alisema mpigapicha. "Rudia."

Mama akarudia. Bibi akasema, "Nimepokea."

"Mara ya mwisho, kuna mtu amekatiza."

Akarudia tena. "Nimepokea," alisema bibi, na safari hii alitabasamu, tabasamu lile lile la Mama, na upande ule ule wa mdomo ukapanda.

Watu wakapiga makofi. Dereva akalirudisha godoro kwenye pikapu. Alipogeuka, bibi ameshika bodi ya nyuma.

"Mnalipeleka wapi godoro langu?"

Dereva alikuwa na jibu la siku zote. "Tunakwenda kulibadilisha, bibi. Hili lina kasoro."

"Haya," alisema bibi bila hasira. "Nitalifuata."

Dereva hakumwambia mtu. Wazee husema mengi.

Baada ya siku ile ya bonde, nyumba ikaanza mambo yake. Alasiri, wakati kila mtu amejinyoosha na nje hata mbwa wamenyamaza, mpishi alisikia nailoni ikikwaruza kule stoo, kwaru, halafu kimya, halafu kwaru, kama mtu anayejigeuza usingizini. Harufu ya utambi ikaingia jikoni, ikapita koridoni, ikakaa kwenye mapazia ya sebule. Godoro nalo likaanza kusafiri. Leo limeegemea mlango wa stoo, kesho limo koridoni, keshokutwa limelala chumba cha wageni, na bonde lake mahali pale pale. Dereva alilirudisha mpaka akachoka, akaanza kupita nje ya nyumba badala ya ndani.

Mama hakuogopa. Alikuwa hana nafasi ya kuogopa, anahesabiana na Wifi picha. Kilichomshtua ni maneno ya mume wake mezani.

"Jana alasiri pale kibarazani umenifurahisha sana," alisema Mwenye Magodoro.

Mama alikuwa saluni alasiri nzima. "Nimekufurahishaje?"

"Ulinisikiliza. Nimekueleza habari za mashine mpya mwanzo mpaka mwisho, hukushika simu hata mara moja. Tangu tuoane haijatokea."

Kijiko cha Mama kikabaki hewani. Watu wengine pale pale wangefikiria jini. Yeye alifikiria mwanamke. Akamfuata mpishi jikoni, akafunga mlango.

"Nani anakuja hapa nikitoka?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Usinifiche. Ni mwembamba?"

"Mama, hakuna anayeingia." Mpishi akashusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Ila kuna anayekaa."

Mama hakulisikia hilo la pili. Kichwani mwake alikuwa keshamvalisha huyo mwanamke nguo, keshampa umri, na keshamwona Wifi akilisikia na kucheka. Akatega. Alasiri iliyofuata alipaka rangi ya mdomo, akaaga kwa sauti, akaingia garini, akashukia kona ya kwanza na kurudi kwa miguu, viatu mkononi, akipita nyuma ya ua wa maua mpaka chini ya kibaraza.

Akaona mgongo. Kwanza aliona gauni, gauni lake la kijani la sherehe ambalo yeye mwenyewe alikuwa bado anaogopa kulivaa lisije likachakaa kabla ya siku ya kiti, na juu ya gauni nywele zilizosukwa kama zake, nyeusi kuanzia chini na nyeupe kidogo tu juu kama zinazomalizia kubadilika, na mbele ya nywele hizo mume wake amejilaza kwenye kochi, mdomo wazi, amelala usingizi wa mtoto aliyebembelezwa, na mkono wa huyo aliyemgeuzia mgongo unampapasa paji la uso taratibu, mkono laini, na kwenye kidole cha mkono ule pete, na Mama akajitazama kidole chake mwenyewe akaona alama nyeupe tu mahali pete ilipokuwa asubuhi, na ngozi ya mkono wake ina mikunjo ambayo hakulala nayo, na harufu ya utambi ikamjaa puani mpaka kwenye koo, na ndipo yule akageuka polepole, kwa adabu, kama mwenyeji anayesikia hodi, na sura aliyoigeuza ilikuwa sura ya Mama.

Akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu," akanong'ona. "Mume wangu amelala. Karibu ndani, mgeni."

Mama alikimbia mpaka barabarani. Na hapa sitakuficha: hata akikimbia, kilichomuuma zaidi ni kwamba gauni lilimkaa yule vizuri kuliko yeye.

Dereva ndiye aliyemjua mtaalamu wa majini. Mtaalamu alikuja amevaa koti na saa kubwa, akakaa ukingoni mwa kochi, na kabla ya salamu kuisha akauliza:

"Mmeshamwita yule wa upande wa pili wa mji?"

"Hapana."

"Vizuri. Yule anafukuza mende, anasema majini."

Akanusa mapazia. Akaenda chumbani, maana godoro lilikuwa limefika kwenye kitanda cha mke na mume, limewekwa juu ya lile la kwao. Akatia kiganja kwenye bonde, akakitoa haraka, akakipuliza kama aliyegusa sufuria ya moto. Aliporudi sebuleni madaha yalikuwa yamempungua.

"Ulimwambia nini?"

Mama akamwambia.

"Mara ngapi?"

"Mpigapicha alinirudisha. Mara tatu."

Mtaalamu akavua saa yake, akaiweka mfukoni, kama mtu aliyeona kwamba kazi ni kubwa. "Mara moja ni mdomo. Mara ya pili ni mazoea. Ya tatu umetoa. Na yeye alijibu amepokea."

"Basi mpe godoro lake aende."

"Godoro ni lake tayari. Uliongeza nyumba. Uliongeza kilicho chako."

"Mfukuze kwa dawa. Si ndiyo kazi yako?"

"Mama," mtaalamu alisema kwa sauti ya chini, akitazama koridoni, "nitamfukuzaje mtu kwake? Nikisoma dawa humu ndani, atakayetoka ni wewe."

Kule chumbani nailoni ikakwaruza.

"Njia ipo," aliendelea. "Ulisema mbele ya watu na mbele ya picha. Kanusha mbele ya watu na mbele ya picha. Sema kwamba hukutoa, kwamba godoro hurudi nyumbani siku zote. Aibu yako ndiyo mlango atakaotokea. Lakini usije ukayasema tena yale maneno. Ameshachukua vitu. Ukiyarudia, kilichobaki cha kuchukua ni sura, jina na pumzi unayovuta."

"Nikanushie wapi?"

"Mnapokusanyika watu wengi."

Watu wengi walikuwa wanakusanyika mahali pamoja tu, kwenye sherehe ya kiti. Mama aliona giza. Akanushe, abaki na nyumba, mume na sura yake, na Wifi akalie mahameli. Aliuliza kama kuna dawa nyingine, hata kali. Mtaalamu akasema haipo, na akamwomba, kama atapona, ataje jina lake kwa watu, hasa watu wa upande wa pili wa mji.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Kiti kiliwekwa jukwaani. Mbele kabisa walikaa wazee wa Wifi wamevaa miwani, mmoja amekigeukia kipaza sauti akidhani ni mgeni rasmi. Mama alikuja na mtandio mkubwa, kwa sababu nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe, na magoti yalimsumbua kupanda ngazi. Godoro la picha lililetwa jukwaani. Wahitaji wakapangwa mstari, na mwishoni mwa mstari akasimama mmoja aliyejitanda uso, mkavu, ingawa nje mvua ilikuwa imeanza.

Mama alikuwa ameamua. Hilo tumpe. Alikuwa amelala na maneno ya kukanusha mdomoni, akayafundisha ulimi wake kama mtoto anayetumwa dukani. Akashika kipaza sauti.

"Akina mama wenzangu, kuhusu godoro hili," alianza.

Wifi aliinuka kidogo, akamsogelea, akamshika kiwiko kwa huruma ambayo ukumbi mzima uliiona.

"Wifi yangu, umechoka mwenyewe unaona," alimnong'oneza. "Mikono yako imekuwaje? Kaa chini. Hata mimi nikikipata si ni familia moja?"

Akatabasamu. Tabasamu tu, na jino moja la pembeni.

Mama akaangalia jino lile, akaangalia mahameli, akaangalia mwisho wa mstari, na mdomo wake ukafunguka wenyewe. "Kilicho changu ni chako, mama yangu. Nyumba yangu ni nyumba yako."

"Nimepokea," ilisikika kutoka mwishoni.

"Taa haikuwaka, Mama," alisema mpigapicha. "Rudia."

Hapo angeweza kunyamaza. Alijua. Miguu ilikuwa imeanza kuwa baridi, na kwenye koo alisikia ladha ya moshi, na mbele yake kila uso ulikuwa umesogea mbali kidogo kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya dirisha, lakini Wifi alipiga mwayo, mwayo mdogo wa adabu nyuma ya mkono, na watu wa mstari wa mbele waliuona mwayo ule wakacheka, na Mama akarudia, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya kizee, na mahali fulani ikajibiwa na sauti yake mwenyewe, nzuri, yenye afya, kwamba imepokea, na mpigapicha akasema moja ya mwisho, na yeye akasema ya mwisho akiwa hamtazami mhitaji wala mpigapicha wala mume wake aliyekuwa amekaa katikati ya wageni, anamtazama Wifi tu, mpaka neno la mwisho likamtoka na yeye mwenyewe akatoka nalo.

Taa ikawaka.

Ukumbi ulisimama kwa makofi. Jukwaani Mama Mkono Wazi alitupa mtandio, nywele nyeusi, mikono laini, akaenda kwenye kiti kwa mwendo ambao watu hawakuwahi kumwona nao, akakikalia. Hapakuwa na haja ya kuhesabu mikono.

Mwisho wa mstari bibi mmoja alikuwa analia kwa sauti.

"Mimi ndiye. Mniangalie. Yule si mimi, mimi ndiye mke wa mwenye kiwanda, mume wangu yule pale."

"Wazee wana mambo," alisema msimamizi wa makao, akamshika bega kwa upole.

Wifi, aliyekuwa amekosa kiti na hakutaka kukosa picha, alishuka haraka akamvalisha bibi miwani. Machozi yale yalitoa picha nzuri kupita zote alizowahi kupata. Kisha akamvua miwani, akairudisha kwenye mkoba.

Dereva akaja kuchukua godoro. Bibi akashika bodi ya pikapu.

"Usilipeleke. Mimi ndiye niliyekufundisha ule usemi wa kwamba godoro lina kasoro. Kumbuka."

Dereva akamtazama. Akageuka kumtazama Mlezi mpya, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi akiaga wageni, mvua inampiga na haimloweshi.

"Mwachie godoro," alisema Mlezi. "Mimi nikitoa, nimetoa."

Watu waliosikia walisifu. Wifi naye alisikia, akauma mdomo, akamvuta mpigapicha kando ya ukuta.

"Yule bibi wa kwenye picha yake ya makao," alimuuliza kwa kunong'ona, "yule mkavu, mlimpata wapi? Na mimi nitafutie wangu."

Jioni ile, kwenye makao ya wazee, walimtandikia bibi godoro nene kuliko yote yaliyowahi kuingia mle ndani. Alikataa kulilalia. Akakaa ukingoni akilia, mpaka mgongo ukamshinda, akajilaza ubavu. Kichwa kikapata mahali pake, bega likapata mahali pake, na nyonga ikaingia kwenye bonde, sawasawa, bila nafasi kubaki. Ukutani msimamizi alikuwa ameshatundika picha ya Mlezi mpya. Bibi aliitazama kwa muda mrefu.

"Ile rangi ya mdomo," alisema mwishowe, "mbona mimi haikunikaa hivyo."

Akajigeuza, na nailoni ikakwaruza.